Usione Unywele wa Jani, Umeundwa

Pitisha kiganja chako juu ya jani la boga. Utahisi likikwaruza. Hizo ni nywele. Kwa mimea mingi ndizo ngao dhidi ya vidudu na kivuli dhidi ya jua kali. Nazo hazioti ovyo. Zimepangwa kwa nafasi, mithili ya miche ya mkulima hodari.

Ni nani apangaye? Wataalamu wametafuta jawabu katika arabidopsisi, kimmea cha jamaa moja na kabeji na sukumawiki. Unywele wake ni chembe hai moja tu, yaani seli moja, aghalabu yenye matawi matatu. Hapo awali chembe hiyo ilikuwa sawa na jirani zake katika ngozi ya jani.

Siri imo katika protini, na hasa katika mahali zinapokaa. Protini tatu, GL1, GL3 na TTG1, hushikana ndani ya kiini cha chembe, na hapo hutoka amri: ota unywele! Zikikosekana, jani huwa na upara; ndiyo asili ya jina glabra, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kisicho nywele. Chembe iliyopata amri huunda pia protini ndogo za kukataza. Hizo hazikai kwao. Hupenya vijia vyembamba hadi kwa jirani, zikaishika GL3 ya huko badala ya GL1, amri ikafifia. Nayo TTG1 hutoka kwa jirani, na ikifika katika chembe teule hunaswa na GL3. Basi aliyetangulia kidogo huzidi kutajirika, na jirani hufilisika.

Safari hizo zilionekanaje? Kwa nuru ya yavuyavu! Mwaka 1962 Osamu Shimomura na wenzake walieleza protini ya yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, ambayo hung'aa kijani ikimulikwa. Ikiungwa na protini ya mmea, huwa taa ya kuifuatia kila iendako. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008 kwa ajili ya taa hiyo.

Pengine utauliza: unywele wa jani wanifaa nini? Itazame leso. Kila uzi wa pamba umesokotwa kwa nywele za mbegu, na kila unywele ni chembe moja iliyorefuka. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kuwa jeni ya pamba iliurudishia nywele mmea wa arabidopsisi wenye upara. Kumbe amri ni za ukoo mmoja! Ajuaye amri hizo anamkaribia mkulima atakaye pamba ndefu na nyingi.

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Tunapoisifu leso kwa jina na rangi zake, tusiisahau ile chembe ndogo iliyotii amri, na jirani zake waliokatazwa, ili uzi upatikane.