Ndoano moja badala ya tatu: kazi ndogo inayomwokoa samaki bass

BRUSSELS

Kila mwaka ifikapo mwezi Desemba, mawaziri wanaohusika na uvuvi wa nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya hukutana hapa Brussels na kuvutana, mara nyingi hadi usiku wa manane, juu ya kiasi cha samaki kitakachovuliwa mwaka unaofuata. Habari zinazotangazwa asubuhi yake huwa za meli kubwa na maelfu ya tani. Lakini katika makaratasi hayo hayo mna kifungu kinachomhusu hata mtu wa kawaida anayesimama ufukweni siku ya Jumapili na fimbo yake ya kuvulia: ni samaki wangapi aina ya bass anaruhusiwa kwenda nao nyumbani kwa siku, na ni miezi gani analazimika kuwarudisha wote majini.

Kumrudisha samaki ni jambo moja, na samaki huyo kuishi ni jambo jingine. Hilo la pili limeachwa mikononi mwa mvuvi mwenyewe, na kwa kiasi kikubwa linategemea vitu viwili vinavyouzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la zana za uvuvi: ndoano, na kipete cha chuma kinachoishikilia ndoano kwenye chambo bandia.

Bass anayezungumzwa hapa ni wa maji chumvi. Wakaazi wa Brussels wanaosema Kifaransa humwita bar, wale wa Kiflemi humwita zeebaars. Ukipita kwenye mikahawa ya mtaa wa Sainte-Catherine, ambako zamani kulikuwa na mabwawa ya kutia nanga vyombo kabla ya kufukiwa, utalikuta jina lake kwenye orodha za vyakula. Wengi wa wanaopikwa mijini wamefugwa, hasa Ugiriki na Uturuki. Yule wa porini hupatikana katika bahari ya Kaskazini, safari ya saa moja na ushei kwa treni hadi Oostende. Msomaji wa Kenya asimchanganye na bass wa Ziwa Naivasha. Yule ni wa maji baridi, mwenyeji wa Marekani, aliyepandikizwa Naivasha mwaka 1929. Wanafanana kwa jina la Kiingereza na kwa tabia ya kurukia kitu chochote kinachopita kama samaki mdogo aliyejeruhiwa, basi.

Tabia hiyo ndiyo inayomponza. Wavuvi humtega kwa chambo bandia, yaani kisamaki cha plastiki au cha mti kilichopakwa rangi, kinachoyumba kikivutwa majini. Kiwandani chambo hicho hufungwa ndoano mbili au tatu, na kila moja ina ncha tatu. Kwa hiyo chambo chenye urefu wa sentimita 12 tu kinaweza kuwa na ncha 6 hadi 9, na kila ncha ina kijino kilichoelekea nyuma ili ikishaingia isitoke.

Sasa fikiria bass wa sentimita 38 amenasa. Ncha moja imeingia kwenye mdomo. Anapojipigapiga, ndoano ya nyuma inamchoma shavuni, karibu na jicho, au inaingia kwenye matamvua. Mvuvi anamtoa majini, anamlaza juu ya zege, anaanza kuhangaika na koleo. Dakika zinapita, ute wa ngozi unafutika, samaki anatweta. Mwisho anapimwa, anaonekana hajafikia kimo, anarushwa baharini. Sheria imefuatwa barabara. Samaki huenda asiione kesho.

Kimo chenyewe ni sentimita 42, na hakikuwekwa kwa kubahatisha. Bass hukua polepole, na jike huweza kuchukua miaka minne hadi saba kabla ya kutaga mayai kwa mara ya kwanza. Kimo cha zamani cha sentimita 36 kiliruhusu majike mengi kuliwa kabla hayajazaa hata mara moja. Wanasayansi walipoonya kwamba samaki hao wanapungua kwa kasi, Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya ilichukua hatua ya dharura mwezi Januari 2015 na kuzuia kwa muda nyavu za kukokotwa katika majira ya kutaga. Mwaka huo huo wavuvi wa burudani wakawekewa kikomo cha bass watatu kwa siku, na mwezi Septemba kimo kikapandishwa hadi sentimita 42. Mwaka 2016 mambo yalikazwa zaidi: nusu ya kwanza ya mwaka kila bass alitakiwa kurudishwa, na nusu ya pili aliruhusiwa mmoja tu. Mwaka 2020 waliruhusiwa wawili kwa siku kuanzia Machi hadi Novemba. Mwaka 2025 walikuwa wawili, ila Februari na Machi wote walirudishwa. Kwa kuwa mahesabu haya hupangwa upya, mvuvi hana budi kuuliza kila mwaka kabla ya kwenda pwani.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, uamuzi juu ya samaki kutoka Brussels si jambo geni. Wenye umri wa kutosha wa Mwanza, Kisumu na Entebbe wanaukumbuka mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu. Viwanda vya minofu ya sangara vilisimama. Amri ya bass haina uzito wa namna hiyo, hakuna anayelala njaa kwa ajili yake, lakini inafanana nayo kwa jambo moja: imeandikwa mbali na maji, na anayeifanya ifanye kazi ni mtu aliyeshika mshipi.

Na huyo anaweza kuanza nyumbani kwake mezani, jioni moja, kwa kubadilisha ndoano.

Kipete kinachoshikilia ndoano ni kile kile cha funguo za nyumba, ila ni kidogo sana: waya wa chuma uliozungushwa mara mbili. Anayekifungua kwa kucha atavunja kucha. Kuna koleo maalumu lenye jino dogo kwenye ncha moja, ambalo huingia katikati ya mizunguko miwili na kuitenganisha. Ndoano mpya huingizwa kwanza, kisha husukumwa mpaka ile ya zamani itokee upande wa pili, kwa mzunguko mmoja. Kosa la wengi ni kukipanua kipete kupita kiasi. Kikishapanuka hakirudi kama kilivyokuwa, unabaki mwanya, na samaki mzito ataumalizia mwanya huo. Kipete kilichopinda hutupwa. Hakifai kubanwa na kutumiwa tena, hata kama kinaonekana kizuri.

Ndoano ya kuweka badala yake ni ya ncha moja. Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalielezi kila mara. Katika ndoano nyingi za ncha moja, tundu la juu limekaa ubavu, na ukiifunga kwenye kipete itaning'inia upande na kukwaruza chambo. Inayotakiwa ni ile ambayo tundu lake limegeuzwa ili ncha itazame mbele au nyuma, sawa na mstari wa chambo. Wengi huelekeza ncha ya ndoano ya tumboni mbele na ile ya mkiani juu. Zikikaa hivyo hazikamatani, na ya nyuma haizoi majani ya baharini.

Namba za ndoano nazo zinawachanganya wanaoanza. Namba 6 ni ndogo kuliko namba 4, na namba 4 ni ndogo kuliko namba 2. Ikishapita 1, hesabu inageuka: 1/0, 2/0, 3/0, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Ndoano ya ncha moja huwa nyepesi kuliko ya ncha tatu ya namba ile ile, kwa hiyo huchukuliwa kubwa zaidi. Mwenye mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu hana haja ya kubahatisha: apime ndoano za kiwandani pamoja na vipete vyake, kisha atafute mpya zenye uzito unaokaribiana.

Uzito una maana kubwa. Chambo kimesawazishwa kiwandani kwa gramu chache tu. Kuna kinachoelea, kuna kinachozama polepole, na kuna kinachosimama kati ya maji mvuvi anapoacha kuvuta. Ukikiondolea gramu mbili, kile cha kusimama kitaelea. Ukikiongezea, kitazama na kuacha kuyumba. Beseni la maji linatosha kukijaribu, ila mtu akumbuke kwamba maji ya chumvi hubeba zaidi kuliko ya bomba.

Halafu ni kile kijino. Hukandamizwa kwa koleo taratibu mpaka kilale. Ndoano isiyo na kijino hutoka kwa kuisukuma kidogo, na mara nyingi samaki hufunguliwa akiwa bado ndani ya maji. Faida hiyo inamhusu mvuvi pia. Ndoano ya ncha tatu yenye vijino ikishaingia kidoleni huku samaki anajitupa kwenye ncha nyingine, mtu ataifahamu njia ya hospitali. Iliyoingia karibu na jicho haivutwi na mtu mwingine isipokuwa daktari.

Wapo wanaopinga. Wanasema ndoano moja isiyo na kijino hupoteza samaki. Ni kweli kwamba mshipi ukilegea samaki hupata nafasi ya kujinasua, na anayetaka kitoweo chake cha halali ana haki ya kulalamika. Lakini pia ndoano ya ncha moja hutengenezwa kwa waya mnene zaidi, hainyooki upesi, na huingia kwa kina. Wanaovua sangara wakubwa chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda wanalijua tatizo la ndoano za kiwandani kunyooshwa kama pini, ndiyo maana huzibadilisha pamoja na vipete kabla ya kuzitumbukiza majini.

Na tusitie chumvi upande mwingine. Utafiti wa wanasayansi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa bass wanaorudishwa hufa kwa kiwango cha asilimia 5 hivi katika siku za mwanzo, si nusu yao kama wengine wanavyosema. Walioumia zaidi ni wale waliomeza ndoano ya chambo halisi hadi kooni, na kukaa sana nje ya maji kuliongeza hatari. Kwa maoni ya mwandishi, ndoano moja inasaidia hasa hapo pa mwisho: inafupisha muda.

Bass wengi wakubwa huwa wanawindwa penye chumvi na mawimbi, na chumvi haina rafiki. Ndoano moja yenye kutu ikiachwa kwenye sanduku hupitisha kutu kwa zote. Chambo kinachorudi kutoka Oostende huoshwa kwa maji baridi na kukaushwa siku hiyo hiyo. Kipete kilichoanza kuwa chekundu kwenye mkunjo hubadilishwa, kwani kutu hula kwa ndani pasipoonekana.

Mvuvi wa mshipi anayesimama kwenye ufuko wa Ubelgiji hanunui kibali, tofauti na mabwawa ya Brussels. Hata hivyo, kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya juu ya udhibiti wa uvuvi, iliyopitishwa mwaka 2023, inataka wanaovua kwa burudani samaki kama bass wajiandikishe na kutoa taarifa ya wanachopata, na tarehe iliyowekwa kuanza ni Januari 10, 2026. Ndoano zilizotolewa zisitupwe ovyo kwenye mfuko wa taka, maana anayeubeba ana mikono. Zitiwe kwenye kopo lenye kifuniko. Na kwenye treni ya jioni ya kurudi Brussels, iliyojaa watoto na watu waliochoka na jua, chambo kifunguliwe kutoka kwenye fimbo kabla ya kupanda.