Jirani Yuko Wapi? Filamu na Kufurushwa kwa Wapandit wa Kashmir

Katika majira ya baridi ya mwaka 1990, Bonde la Kashmir kaskazini mwa India lilipoteza karibu jamii yake yote ya Wahindu. Watu hao, wanaoitwa Wapandit, walikuwa wachache sana kati ya Waislamu waliokuwa wengi, lakini hawakuwa wageni hapo. Walizungumza Kikashmiri kama jirani zao, walifundisha shuleni, walifanya kazi katika ofisi za serikali, na mizizi yao bondeni ilikuwa ya karne nyingi. Uchaguzi wa jimbo wa mwaka 1987, ambao wengi waliamini kuwa uliibwa, uliwasukuma vijana kadhaa wa Kiislamu kushika bunduki dhidi ya utawala wa India. Septemba 1989 aliuawa Tika Lal Taploo, mwanasheria na kiongozi wa chama cha BJP. Novemba akafuata jaji mstaafu Neelkanth Ganjoo. Barua za vitisho zilibandikwa milangoni, na usiku wa tarehe 19 Januari 1990 vipaza sauti vya misikiti jijini Srinagar vilisikika vikitoa miito ya uhuru iliyochanganyika na vitisho kwa Wapandit. Wiki zilizofuata malori na teksi zilivuka milima kwenda mjini Jammu zikiwa zimebeba familia zilizodhani zitarudi baada ya miezi michache. Makadirio ya waliokimbia huanzia watu 90,000 hadi zaidi ya 150,000. Wengi wao hawajarudi hadi leo.

Kwa muda mrefu sinema ya India haikujua la kufanya na kisa hiki. Kabla ya vita, Kashmir katika filamu za Kihindi ilikuwa mahali pa mapenzi: ziwa, mashua, theluji na wimbo. Hata watazamaji wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, waliojaza majumba ya sinema kwa miongo mingi kutazama filamu hizo, waliijua Kashmir kwa sura hiyo. Vita vilipoanza, bonde likageuka uwanja wa askari na gaidi, na familia iliyolala kwenye hema mjini Jammu haikuwa na nafasi katika sura yoyote kati ya hizo mbili. Baadaye Ashok Pandit alitoa filamu ya Sheen mwaka 2004, Onir akatoa I Am mwaka 2010, Vidhu Vinod Chopra akatoa Shikara Februari 2020, na Machi 2022 ikaja The Kashmir Files ya Vivek Agnihotri, ambayo ndiyo iliyolifanya jina la Wapandit litajwe duniani kote. Filamu zinazosimulia maumivu yaleyale zimetofautiana vibaya, na nadhani kuna kipimo kimoja kinachoeleza tofauti hizo kuliko vingine vyote: tazama kila filamu inamfanya nini jirani.

Mtu anapofurushwa kwa ajili ya dini yake, hafukuzwi na dini. Anafukuzwa na watu: mmoja aliandika barua ya vitisho, mwingine akaonyesha nyumba kwa kidole, mwingine akafunga dirisha lake asione, na mwingine akaificha familia nzima ndani kwake mpaka gari likapatikana. Wote hao wanaweza kuwa wa mtaa mmoja, tena wa nyumba zinazofuatana. Ndiyo maana kufurushwa ni tofauti na kushindwa vitani. Jeshi la kigeni likikuvamia, umepoteza nchi. Ukifukuzwa huku watu uliokula nao sikukuu wakitazama, umepoteza na imani uliyokuwa nayo juu ya binadamu wa karibu yako. Filamu isiyoweza kuonyesha hasara hii ya pili imesimulia nusu ya kisa, hata ikimwaga damu kiasi gani.

The Kashmir Files ilifanya jambo moja ambalo haki inataka tulikiri kwanza. Ilikataa kusema kwa mafumbo. Kwa miaka zaidi ya 30 Wapandit walikuwa wakisikia kwamba waliondoka kwa hiari, au kwamba gavana wa jimbo, Jagmohan, ndiye aliyewashawishi kuondoka, na mauaji yao yalitajwa kwa haraka kama jambo dogo la pembeni. Serikali ya jimbo yenyewe iliwahi kutaja mwaka 2010 kwamba Wapandit 219 waliuawa tangu mwaka 1989, na mashirika ya Wapandit yanasema idadi ni kubwa zaidi. Filamu ilisimama na kusema: watu hawa waliwindwa. Anupam Kher, ambaye mwenyewe ni wa jamii hiyo, alimwigiza babu Pushkar Nath kwa namna ambayo wazee wengi waliozeekea kwenye mahema walijiona ndani yake. Wapo watazamaji waliotoka ukumbini wakilia kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amewasadiki. Kilio hicho ni cha kweli, na mkosoaji anayekipita bila kukitazama hana haki ya kuendelea.

Lakini angalia jirani yuko wapi. Katika filamu ya karibu saa tatu, Mwislamu wa Kashmir ni muuaji, au ni mpelelezi wa wauaji, au ni sehemu ya umati unaopiga kelele. Jirani anayeonekana kwa karibu zaidi ni yule anayewaonyesha wenye bunduki mtu aliyejificha ndani ya pipa la mchele. Tukio hilo lina msingi katika mauaji halisi ya Machi 1990, na hakuna ubaya kulionyesha. Ubaya ni kwamba baada yake hakuna jirani mwingine. Filamu haina nafasi kwa Mohammad Yusuf Halwai, mwanachama wa chama cha National Conference aliyepigwa risasi Agosti 1989, kabla ya Taploo. Haina nafasi kwa Mushir-ul-Haq, mkuu wa Chuo Kikuu cha Kashmir, aliyetekwa na kuuawa Aprili 1990, wala kwa Mirwaiz Maulvi Farooq, kiongozi mkubwa wa kidini wa Srinagar, aliyeuawa nyumbani kwake Mei mwaka huohuo. Wote walikuwa Waislamu, na wote waliuawa na watu wenye silaha wakati uleule Wapandit wakiwindwa.

Tena kuna wengine ambao filamu hiyo haiwezi kuwaonyesha bila kuvunja hoja yake yenyewe, nao ni Wapandit ambao hawakuondoka. Takribani familia 800 zilibaki bondeni. Ziliishi miaka ya kutisha. Mwaka 1998 watu 23 waliuawa Wandhama, na Machi 2003 wengine 24 wakauawa kijijini Nadimarg. Hata hivyo zilibaki, zikaoa na kufiwa, na haiwezekani familia ya Kihindu ikaishi miongo mitatu katika kijiji cha Waislamu pasipo jirani hata mmoja anayeijali. Familia hizi ni ushahidi mgumu kwa kila upande. Kwa anayesema hapakuwa na tishio, wafu wa Nadimarg wanamjibu. Anayedai kwamba kila Mwislamu alikuwa adui naye anajibiwa na uwepo wao.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapoinuka, na lina uzito. Kwa nini mwathirika adaiwe kumwonyesha mtu mwema wa upande uliomuumiza? Filamu ya mauaji ya Wayahudi haidaiwi kuwatetea Wanazi. Nakubaliana na nusu ya hoja hii: hakuna mwathirika anayedaiwa mizani ya kugawa lawama sawasawa, na mtu anayetaka filamu igawe dakika kwa dakika kati ya muuaji na aliyeuawa hajui haki ni nini. Lakini kumwonyesha jirani si kugawa lawama. Schindler's List ya Steven Spielberg, ambayo hutajwa sana katika mabishano haya, mhusika wake mkuu ni Mjerumani, mwanachama wa chama cha Nazi, na hakuna aliyetoka ukumbini akidhani kuwa Nazi wamesafishwa. Kinyume chake, kuwepo kwa mtu mmoja aliyechagua kuokoa kunawanyima wengine wote kisingizio cha kwamba hawakuwa na la kufanya. Jirani mwema katika filamu huongeza hatia ya jirani mbaya. Akiondolewa, uovu unakuwa kama hali ya hewa: umekuja, umepita, na hakuna mtu binafsi wa kuulizwa.

Shikara ilikosea kwa njia ya pili. Chopra alizaliwa Srinagar, na mama yake ni mmoja wa waliotoka nyumbani kwa safari ya kawaida wasiweze kurudi tena. Alikuwa na kila sababu ya kuwa mkali, naye akachagua upole. Shiv na Shanti wanapendana, wanajenga nyumba, wanaipoteza, wanazeeka kambini. Jirani yupo: Lateef, rafiki wa Shiv, mchezaji wa kriketi anayeshika bunduki baada ya kifo cha baba yake. Ni wazo zuri sana, kwa kuwa linaonyesha namna rafiki anavyogeuka tishio. Tatizo ni kwamba filamu inaogopa kumkodolea macho. Inamtazama kwa huruma, kisha inageukia mapenzi, na wale wengine walioua wanabaki vivuli. Baadhi ya Wapandit waliikasirikia na kusema maumivu yao yamepambwa. Naona walikuwa na haki. Filamu hii inamlinda jirani kwa kumficha, na aliyefichwa haonekani kama asivyoonekana aliyefutwa.

Filamu iliyolielewa jambo hili kuliko zote haihusu Kashmir. Ni Garm Hava ya M. S. Sathyu, iliyokamilika mwaka 1973, na inasimulia Waislamu wa kaskazini mwa India baada ya nchi kugawanywa mwaka 1947. Salim Mirza, anayeigizwa na Balraj Sahni, ana kiwanda cha viatu mjini Agra. Hakuna anayemshikia panga. Benki inamnyima mkopo kwa kuwa ni Mwislamu na huenda kesho akahamia Pakistan bila kulipa. Nyumba ya ukoo iko kwa jina la kaka yake, na kaka akishahama, serikali inaichukua kama mali iliyoachwa. Akitafuta ya kupanga, wenye nyumba wakisikia jina lake wanabadilisha maneno. Anamtumia kaka mchoro wa mali zao, anashtakiwa kwa ujasusi, mahakama inamwachia, lakini macho ya watu hayamwachii. Watoto wake wanakosa kazi na ndoa. Mama yake, bibi kizee, anakataa kutoka katika nyumba alimoingia akiwa bibi harusi, na anapokaribia kufa wanambeba hadi huko ili roho yake itulie. Ndivyo watu wengi zaidi wanavyofurushwa duniani, kwa karatasi na kwa milango inayofungwa taratibu, mpaka kuondoka kunaonekana kuwa uamuzi wao wenyewe.

Sasa mtazame anayepewa nyumba ya akina Mirza. Ni Ajmani, mfanyabiashara Mhindu kutoka Sindh, ambaye naye alifurushwa na Waislamu upande wa Pakistan. Sathyu angeweza kumfanya mnyang'anyi, na hadhira ingemkubalia. Akamfanya mtu mwenye adabu anayejua uchungu wa kupoteza nyumba, na ambaye hata hivyo anakaa katika nyumba ya mwenzake. Wakaguzi wa filamu waliizuia Garm Hava kwa miezi kadhaa wakihofia ghasia za kidini. Ilipotoka hazikutokea, na baadaye ikapewa tuzo ya taifa ya filamu inayojenga umoja. Katika I Am, sehemu ya Megha ina ujasiri kama huo kwa kiwango kidogo. Megha, mwanamke wa Kipandit, anarudi Srinagar kuuza nyumba, anapokelewa na rafiki yake wa utotoni, Rubina, ambaye hakuondoka na ambaye maisha yake yamebanwa na askari kila kona. Kila mmoja anamwonea mwenzake wivu na kumlaumu, na filamu haiwapatanishi kwa nguvu.

Watetezi wa The Kashmir Files wana hoja nyingine: filamu si kitabu cha historia, inaruhusiwa kukusanya matukio. Ndiyo, inaruhusiwa. Mauaji ya mwishoni mwa filamu hiyo yamechukuliwa kutoka Nadimarg ya 2003 na kuunganishwa na kisa kilichoanza 1990, na katika hadithi ya kubuni jambo hilo ni la kawaida. Lakini filamu hii haikujinadi kama hadithi. Ilijinadi kama ukweli uliofichwa, na anayeuza ukweli anabeba deni ambalo msimulizi wa kawaida halibebi. Majimbo kadhaa yaliyotawaliwa na BJP yaliiondolea kodi, Waziri Mkuu Narendra Modi akaisifu, ikaingiza zaidi ya rupia bilioni 3, na katika baadhi ya kumbi watazamaji walinyanyuka na kutoa miito ya chuki dhidi ya Waislamu. Novemba 2022 Nadav Lapid, mwongozaji wa Israeli aliyeongoza jopo la majaji katika tamasha la filamu la Goa, aliiita propaganda, na balozi wa nchi yake mwenyewe akamkemea hadharani. Katika mabishano hayo yote, aliyesahaulika ni Mpandit wa kambini. Mei 2022, miezi miwili baada ya filamu kutoka, mtumishi wa serikali wa Kipandit alipigwa risasi ofisini kwake Chadoora, ndani ya bonde, na wenzake wakaandamana wakitaka wahamishiwe Jammu. Sifa zilizomiminiwa filamu hazikuwapa usalama.

Kipimo hiki kinawabana na wale wa upande wa pili. Haider ya Vishal Bhardwaj, ya mwaka 2014, ilionyesha kwa ushujaa Waislamu wa Kashmir waliopotezwa mikononi mwa vyombo vya dola, na katika vita vilivyoua makumi ya maelfu ilikuwa lazima mtu aonyeshe hilo. Lakini Wapandit karibu hawamo, na nyumba zao tupu zilikuwa katika kila mtaa ambao kamera ingepita. Jirani wa Kihindu aliyefutwa kwenye filamu ya Waislamu ni kosa lilelile la jirani wa Kiislamu aliyefutwa kwenye filamu ya Wahindu.

Kwa msomaji anayetaka kuzitazama filamu hizi, ushauri wangu ni aanze na Garm Hava, afuatishe I Am na Haider, kisha Shikara, na The Kashmir Files iwe ya mwisho, akiwa tayari ameshawajua watu ambao filamu hiyo imewaacha nje. Na kwa waongozaji wa India: zile familia za Kipandit zilizobaki bondeni bado zipo, wazee wao wangali wanaweza kusimulia, na majirani wanaowakumbuka pia wangali hai. Chukueni kamera mwende huko kabla hawajaondoka duniani.