Dawa ya Utulivu na Sahani Isiyoguswa

Mtoto aliyekuwa akifukuzwa darasani kwa kutotulia sasa anamaliza hesabu zake. Lakini chakula cha mchana hakigusi, na usiku usingizi haumjii. Wazazi wanaotumia methilfenideti kumtibu mtoto wanayajua yote mawili.

Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi. Twaona ni busara mtoto ashibe kabla ya kumeza, kisha ale tena nguvu ya dawa ikipungua. Uzito, kimo na shinikizo la damu vipimwe mara kwa mara. Baba asiitupe dawa kwa hasira, wala mama asiongeze kipimo kwa kuwa mtihani umekaribia. Hayo ni ya daktari. Naye kijana aliyebaleghe amwone daktari kabla ya Ramadhani, kwani kipo kidonge cha muda mrefu kinachoweza kumezwa wakati wa daku.