Kupiga Picha Mpira wa Vijijini

Wengi wa wasomaji wetu hutazama mpira wa miguu Jumamosi au Jumapili alasiri, kijiji kwa kijiji, shule kwa shule. Mashindano makubwa yana kumbukumbu zake: Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, limeandikwa vitabuni. Mchezo wa vijiji viwili hauandikwi, na wachezaji wakiisha kuzeeka hapana awezaye kusema nani alicheza. Picha moja njema yaweza kuuokoa; kwa hiyo yafaa kueleza namna ya kuipiga, kwa kamera au kwa simu ya mkononi.

Neno la kwanza ni jua. Saa 8 mchana jua li juu mno, na macho ya wachezaji huwa mashimo ya kivuli. Ngoja hata saa 10, usimame jua likiwa nyuma yako. Lakini karibu na ikweta jua hushuka wima na giza huingia upesi. Mtu akimbiaye hutaka picha ipigwe kwa sehemu moja katika 500 ya sekunde, au upesi zaidi. Mwanga ukipungua kamera hukawia, na miguu hutoka kama moshi.

La pili ndilo liharibulo picha nyingi. Kamera ikiona mbingu nyeupe au mchanga ung'aao, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza; basi watu weusi hutoka weusi tititi, hawana pua wala kicheko. Simama juu ya kichuguu, ili nyuma yao pawe nyasi au migomba, si mbingu. Ama iamuru kamera iongeze mwanga, na mbingu iache ipotee. Uso ndio utafutwao.

Usiufuate mpira huku na huko. Keti karibu na lango, nje ya mstari, nao utakujia. Wala usiwasahau watazamaji: mara nyingi shangwe yao yaeleza goli kuliko goli lenyewe.

Picha za watoto zisienezwe pasipo idhini ya wazazi na mwalimu. Tena aliyepigwa apewe picha yake. Achukuaye asirudishe, safari ya pili huonyeshwa migongo. Nyuma ya kila picha iandikwe, kwa kalamu ya risasi, tarehe, vijiji vilivyoshindana, magoli, na majina tangu kushoto hata kulia. Zilizo ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Moja ichapwe katika karatasi, iwekwe shuleni.