Fahamu Mbinu ya Mageuko Inavyorekebisha Mwendo wa Mota za Pampu za Maji

Mota ya umeme inayoendesha pampu ya maji inahitaji mwendo uliotulia. Ikibadili kasi ghafla, mshtuko wa maji unaweza kupasua bomba. Ikichelewa kuitikia, maji hupungua nguvu na wananchi wa maeneo ya miinuko hubaki na ndoo tupu. Suala hilo lina uzito mkoani Mara, ambako Tarime na Rorya zimo katika Mradi wa Maji wa Miji 28 kwa kutumia maji ya Ziwa Victoria.

Mwendo wa mota husimamiwa na kidhibiti, kifaa kinacholinganisha kasi inayotakiwa na kasi iliyopo. Aina inayotumika zaidi viwandani huongozwa na namba tatu: ya kwanza hushughulikia kosa la sasa, ya pili kosa lililolimbikizana, na ya tatu kasi ya kubadilika kwa kosa hilo. Namba hizo zikikosewa, mota huyumba.

Mwaka 1942, John Ziegler na Nathaniel Nichols walitoa kanuni za kuzipata. Kanuni hizo zinatumika hadi leo, ingawa mara nyingi mota hupitiliza kasi inayotakiwa kabla ya kutulia.

Njia nyingine ni mbinu ya mageuko, ambayo John Holland wa Marekani aliifafanua katika kitabu chake cha mwaka 1975. Mfugaji wa Susuni, wilayani Tarime, anaufahamu msingi wake: huchagua dume na majike bora ili ndama warithi sifa zao. Kompyuta hufanya hivyo kwa namba. Huanza na makundi mengi, tuseme 50, kila moja likiwa na namba tatu. Kila kundi hujaribiwa na kupewa alama. Yaliyofanya vizuri huchanganywa, baadhi hubadilishwa kidogo, na kizazi kipya hujaribiwa tena.

Hata hivyo, kompyuta hutafuta kile tu kinachopewa alama. Ikizawadia haraka pekee, itachagua namba zinazoitesa mota na bomba. Kwa sababu hiyo, mhandisi hupanga alama zinazojumuisha utulivu na usalama, hufanya majaribio kwanza katika mfano wa kompyuta, kisha huhakiki majibu kwenye pampu yenyewe kwa kasi ndogo kabla ya maji kuelekezwa kwa wananchi.