Mbung'o katika Matembezi ya Saadani
Hifadhi ya Taifa ya Saadani, inayopakana na Bahari ya Hindi, huwavutia watembeao kwa miguu na watazamaji wa ndege: heroe kwenye mashamba ya chumvi, midiria katika mikoko ya Mto Wami. Humo pia mna mbung'o, ambao huuma mchana, hata juu ya nguo nyepesi. Rangi za buluu na nyeusi huwavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Jinzi, basi, haifai. Wengi huumwa bila kuambukizwa malale. Hata hivyo, mgeni apatapo homa wiki kadhaa baadaye, hasa penye kidonda alipoumwa, na amweleze tabibu safari yake. Mwanzoni malale hufanana na malaria, ila dawa za malaria haziuponyi ugonjwa huo.