Ngamia wawili katika njia nyembamba

Wengi wetu hudhani kwamba Mayahudi wote ni watu wa namna moja, wenye kofia nyeusi na ndevu ndefu. Sivyo hata kidogo. Wako waishikao dini barabara, na wako wasiokwenda sinagogi ila kwenye harusi ya jamaa. Tena mara nyingi ni watoto wa tumbo moja. Haya niliyashuhudia kwa macho yangu mwaka 2019, nilipokwenda Yerusalemu kuzuru Msikiti wa Aqsa.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu wa Tel Aviv, niliyesoma naye ng'ambo zamani. Yeye mambo ya dini hana habari nayo. Jioni ya Alhamisi alinipeleka kwa dada yake mdogo, aliyeolewa Yerusalemu. Mwanamke ajifunikaye nywele, na jikoni kwake vyombo vya nyama viko mbali na vya maziwa viko mbali, kwani sheria yao haikubali vichanganywe. Tukanywa chai kwenye bilauri, na mazungumzo yakaanza kwa mzaha.

"Kaka, mimi kwako huja nikala chungwa tu, tena nimenye mwenyewe," dada akasema huku akicheka.

"Nami kwako huja nikatazama saa," akajibiwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama yao, mtu mzima sana, alikuwa mgeni wa binti yake Sabato ile, naye alitaka kuwaona wanawe wote wawili kwenye meza moja. Sabato huingia Ijumaa jua likichwa na hutoka Jumamosi usiku, nyota zikionekana. Muda wote huo mshika dini hawashi moto wala gari, na katika miji mingi ya Israeli mabasi husimama. Kaka alitaka kuja Jumamosi mchana, kwa gari lake.

"Hivyo siwezi kukualika," dada akasema taratibu. "Nikikuita nami najua utaendesha, basi ni mimi niliyekutia makosani. Njoo Ijumaa, jua bado liko, ulale."

"Na sigara yangu?"

"Sikulazimishi. Nakuomba tu isiwe mbele ya watoto."

Kaka akanuna. Shemeji yake, kwa kutaka kutuliza, akaleta kisa mashuhuri. Mwaka 1952 waziri mkuu David Ben-Gurion, ambaye hakuwa mshika dini, alikwenda Bnei Brak kwa rabi mkubwa ajulikanaye kwa jina la Chazon Ish, kumwuliza makundi haya mawili yatakaaje pamoja. Rabi akamjibu kwa mfano wa Talmudi: ngamia wawili wakikutana katika njia nyembamba, mmoja ana mzigo na wa pili hana, asiye na mzigo ndiye ampishe mwenziwe.

Loo! Alidhani anamwaga maji, kumbe ni mafuta ya taa.

"Nani kakwambia ngamia wangu hana mzigo?" kaka akafoka. "Binti yangu yuko jeshini. Mwanao yuko chuoni anasoma Talmudi. Nani kabeba kizito?"

Hilo ndilo donda lao. Tangu 1948 wanafunzi wa vyuo vya dini walikuwa wakisamehewa jeshi, hata Juni 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba serikali haina msingi wa sheria wa kuendelea kuwasamehe. Mimi juu ya jeshi hilo nilikuwa na langu moyoni, lakini halikuwa la meza ile. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikainamia bilauri yangu.

Dada ndiye aliyevunja kimya. "Mzigo unao, kaka. Ulimwuguza baba peke yako, nami sikuwapo. Sikuombi unipishe njia. Nakuomba uje mapema."

Kaka hakujibu neno. Akamaliza chai, akaaga.

Siku ya pili, baada ya kuswali alasiri, nilipita kuaga. Chini ya mti nikaliona gari la mwalimu, na mwenyewe kasimama kando yake, anavuta sigara mbio mbio huku akilitazama jua.

"Zimebaki dakika chache," akaniambia, akaitupa, akaingia ndani.

Juu ya jeshi sidhani kwamba walipatana. Lakini usiku ule mama yao alikuwa na wanawe wote wawili.